Nimealikwa kutembea uchi kwenye njia ya pwani huku Uingereza: niende, nisiende?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, kwetu Muheza, sasa niko Bournemouth nafanya kazi ya kutunza wazee kwa viza ya kazi. Jumamosi huwa natembea na wenzangu wa kazini kando ya bahari. Wawili kati yao, mume na mke wa rika la wazazi wangu, wana kikundi kingine ambacho mwezi wa sita hutembea kutoka ufuo wa Studland kuelekea majabali ya Old Harry, na sehemu ya njia huitembea bila nguo kabisa. Wamenialika kwa heshima, wakasema nikitaka nibaki na nguo zangu. Sina neno nao. Ninachoogopa ni polisi na viza, na pia usalama wenyewe, maana huku sijawahi kutembea hata bila shati. Mke wangu nilipomwambia alicheka hadi akakaa chini. Nishauri."

Jibu:

Marahaba mwanangu, na mkeo nisalimie sana.

Mimi ni wa Pangani, mtoto wa mvuvi, na huu ni mwaka wa kumi na moja naongoza watu kwenye njia za pwani ya mkoa wa Dorset. Vikundi vya wanaturisti, yaani hao wanaoona kwamba mwili usio na nguo si jambo la aibu wala la kitandani, nimeviongoza mara tano. Mara zote tano mimi nilikuwa na kaptula yangu, na hakuna aliyenisema. Kwa hiyo jambo la kwanza ulijue: mwaliko wao ni wa kweli. Mtu wa kikundi kama hicho akikwambia ubaki na nguo, amemaanisha. Wengi wao ni wastaafu wanaopenda ndege na chai ya chupa, na mazungumzo yao ya njiani ni magoti na bei ya gesi.

Twende kwenye polisi, maana najua ndiko roho yako iliko. England na Wales hakuna sheria inayosema kuwa uchi hadharani, basi tu, ni kosa. Zipo hasa sheria mbili zinazoweza kukugusa. Moja ni Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2003, kifungu cha 66. Hiyo inamhusu mtu anayeonyesha sehemu zake za siri kwa makusudi huku akikusudia aonekane na mwenzake ashtuke au afadhaike, na adhabu yake yaweza kufika miaka 2 jela. Nyingine ni Sheria ya Utulivu wa Umma ya mwaka 1986, kifungu cha 5, inayohusu vitisho, matusi na fujo mbele ya mtu anayeweza kusumbuliwa navyo. Adhabu yake ni faini. Waendesha mashtaka wa serikali wana mwongozo wao kuhusu watu wa aina hii, na kiini chake ni kwamba kama hakuna jambo la ngono na hakuna nia ya kumshtua mtu, kwa kawaida hakuna haja ya kuchukua hatua, isipokuwa pale watu waliokuwapo walipofadhaika kweli.

Umeona mzigo ulipoangukia? Sheria haiangalii ngozi yako, inaangalia nia yako na hali ya yule uliyekutana naye. Ukipita mbele ya mtu aliyejua kwamba anaweza kukuona, umepita. Ukimtokea bibi wa watu kwenye kona ya kichaka, una kesi ya kujieleza, hata kama mwishowe utaachiwa.

Kuna mtu mmoja aliyelisukuma jambo hili hadi mwisho, Stephen Gough, aliyewahi kuwa askari wa majini. Mwaka 2003 alianza kutembea kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi, hadi John o'Groats kule juu Scotland, akiwa na buti, soksi, kofia na begi mgongoni, basi. Alifika mwaka 2004, baada ya kukamatwa mara nyingi njiani. Baadaye alirudia, na kwa vile hakukubali kuvaa hata akiwa mahakamani, jumla ya miaka aliyokaa katika jela za Scotland ni mingi. Alikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwezi wa 10 mwaka 2014 mahakama hiyo ilisema haki zake hazikuvunjwa. Na Scotland sheria yake ni nyingine, ukisogea huko usichukue maneno yangu ya Dorset. Gough alitaka kushindana na nchi. Wewe unataka kutembea Jumamosi ukarudi kazini Jumatatu.

Na kazi yako ndiyo inayonifanya niongeze neno. Fomu za viza huuliza kama umewahi kuhukumiwa, na huuliza pia kuhusu maonyo rasmi ya polisi. Kazi ya kutunza wazee nayo ina ukaguzi wake wa rekodi, unaujua, umeupitia. Sasa sikiliza: onyo rasmi la polisi halitolewi mpaka ukiri kosa. Kijana mgeni aliyeshikwa na aibu, ameketi kituoni amejifunga blanketi, atasaini chochote ili aende nyumbani. Usisaini. Kituo cha polisi huku unayo haki ya kupata wakili bure, saa yoyote, kabla ya kuhojiwa. Mwambie askari kwa upole kwamba unamsubiri wakili. Sidhani utafika huko, ila mtu anayeishi kwa viza huyajua haya kabla, hayangoji yamkute.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Njia ya Pwani ya Kusini-Magharibi ina kilomita 1,014, inaanzia Minehead inazunguka Cornwall yote na kumalizikia South Haven Point, pale kwenye kivuko cha minyororo mlangoni mwa bandari ya Poole. Ukianzia hapo kivukoni, kama hao wenyeji wako, unaitembea kinyume. Unashuka mchangani, unafuata ufuo wa Studland, ambao ni mali ya National Trust, shirika la hifadhi, na baada ya muda unakuta bango linalokuarifu kwamba kuanzia hapo unaweza kukutana na watu wasiovaa nguo. Sehemu hiyo ina urefu wa mita kama 900. Njia rasmi inapita katikati yake, na kwa asiyependa kuna njia nyingine nyuma ya matuta ya mchanga. Mpango safi kabisa huo: anayepita ufuoni amesoma bango, asiyetaka amezunguka. Ndani ya mita hizo 900 sina wasiwasi na wewe hata kidogo.

Wasiwasi wangu ni hayo maneno "sehemu ya njia". Waulize ni sehemu ipi. Maana ukimaliza eneo lile unaingia Knoll Beach, kwenye mgahawa, maegesho na watoto wenye ndoo. Baada ya hapo ni kijiji, kanisa, baa, halafu njia ya Old Harry, ambayo Jumamosi ya mwezi wa sita ina watu kama Kariakoo. Vikundi vyenye adabu huvaa kabla ya bango la mwisho na huendelea na nguo. Wakikwambia kwamba wao huendelea hivyo hivyo hadi kwenye majabali, waendelee wao. Wewe jifunge kiuno utembee nyuma yao, au uwasubiri kwa chai.

Nimesema jifunge kiuno, basi nikwambie cha kubeba. Beba kikoi. Sikwambii hivi kwa sababu ya kukumbuka nyumbani. Wazungu wengi hubeba taulo au kaptula. Taulo ni zito, likilowa ndio limelowa hadi jioni. Kaptula nayo inataka usimame kwa mguu mmoja na kupitisha buti lenye tope kwenye tundu la nguo, huku mbwa wa mtu anakuja kukunusa. Kikoi unakizungusha, upindo wa juu unaukunja mara mbili kiunoni, umemaliza, buti hujavua. Na kikae nje: kifunge kwenye mkanda wa begi, upande wa mkono unaoutumia zaidi. Kisiingie ndani ya begi.

Hilo la ndani ya begi nina ushahidi nalo. Mwezi wa sita mmoja, Jumatano, nilikuwa na watu tisa hapo Studland. Tunakaribia mwisho wa eneo lao, tukakuta watoto wa shule karibu arobaini, kila mmoja na ubao wa kuandikia, wanapima mteremko wa matuta kwa fimbo zenye rangi nyekundu na nyeupe. Somo la jiografia. Matuta yale yanajulikana sana na walimu, siku za kazi za mwezi wa tano na wa sita hawakosekani. Watu wanane walikuwa wamevaa kabla mwalimu hajainua kichwa. Wa tisa, mhandisi mstaafu, suruali yake ilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya chupa ya chai, chini ya mikate. Alijifunika kwa ramani. Kwa bahati ilikuwa ile ya karatasi kubwa, na aliikunjua yote. Mwalimu akatusalimia, akasema upepo leo ni mwingi, tukapita. Tangu siku hiyo ninakagua: kabla ya kuanza, kila mtu anishikishe nguo yake kwa mkono mmoja bila kufungua begi.

Hiyo ilikuwa aibu tu. Nguo hiyo hiyo huenda siku moja ikakuokoa na upepo, na hapo hakuna cha kucheka. Sisi watu wa pwani ya Tanga upepo kwetu ni rafiki, ukivuma unashukuru. Huku ni mwizi. Unapanda kutoka kijijini, umetoka jasho, kipimajoto kinasema 17, jua linawaka. Unatoka kwenye miti, unaingia kwenye uwanda wa chaki juu ya bahari, na upepo wa magharibi unakukuta mgongoni ukiwa umelowa. Ndani ya dakika kumi mwili unaanza kuzizima. Dalili za mwanzo si kutetemeka peke yake. Mtu anakaa kimya asiyekuwa mkimya, anakosea majina, anajikwaa pale ambapo hapana jiwe. Anakwambia yuko sawa. Usimwamini, mvishe. Kikoi kiunoni, fulana ya sufu mwilini, koti la upepo juu, kofia kichwani. Kwa hiyo ndani ya begi, hata kama mpango wenu wote ni kutembea uchi, kuna nguo za mtu mzima kamili, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki zisilowe. Mtembea uchi mzuri hubeba nguo nyingi kuliko mtembeaji wa kawaida, kwa sababu wa kawaida ameanza safari akiwa amezivaa nusu.

Jua nalo. Najua tunavyosema: sisi ni weusi, jua la Uingereza litatufanya nini. Ngozi yetu inakinga kweli, lakini inakinga ile iliyozoea. Makalio yako yameona jua lini? Mwezi wa sita kusini mwa England kiwango cha miale mikali hufika 7, na mchanga mweupe na maji huirudisha juu kutoka chini, inakupata mahali ambapo hukudhani. Paka losheni ya kukinga jua ya namba 30 au zaidi ukiwa bado na nguo, ipake kila mahali, mwombe mtu akupake mgongo, na rudia kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini. Watakwambia jua ni dawa ya vitamini D. Ni kweli, na sisi wenye ngozi nyeusi huku huikosa kuliko wao. Lakini Idara ya Afya inatushauri watu kama sisi tufikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima, na kidonge hicho ni bei ya chini kuliko malengelenge ya makalio.

Sasa kupe. Hapa ndipo kutokuwa na nguo kuna hasara ya kweli, na ndipo watu wengi hawaogopi kwa sababu hawaoni. Mchangani hakuna shida. Ukiingia kwenye nyasi ndefu na vichaka vya Purbeck, yaani eneo hili la Studland, kupe wapo, wamekaa kwenye ncha ya jani wamenyoosha miguu wanasubiri kitu chenye damu kipite. Si wale wa ng'ombe uliowazoea Muheza, waliovimba kama harage. Kupe mchanga wa huku ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Anashika kwenye shavu la mguu, anapanda polepole, anatafuta mahali laini: nyuma ya goti, kinenani, kitovuni, kwapani. Baadhi yao wana bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ambao ukiachwa huweza kufika kwenye neva na viungo.

Hivyo kwenye majani vaa soksi ndefu, na jifunge kikoi hata kama wenzako hawajajifunga. Jioni, kabla ya kuoga, simama mbele ya kioo na taa kali, jipapase kwa ncha za vidole, kwa sababu juu ya ngozi yetu macho hukosa kile ambacho kidole hukihisi. Ukimkuta, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mkamate karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja kuelekea juu, taratibu, bila kumminya tumbo. Usimpake mafuta ya taa. Usimchome na kiberiti. Halafu andika tarehe kwenye simu. Upele wa Lyme kwa kawaida hutokea kati ya wiki 1 na 4 baadaye, unatanuka kama duara. Vitabu huuonyesha mwekundu juu ya mwili mweupe. Kwako unaweza kuonekana kama alama ya kuvilia damu, au weusi kidogo kuzidi ngozi, na daktari mwenye haraka anaweza kuupita. Mwambie mwenyewe: nilitembea Purbeck, tarehe fulani, nilitoa kupe hapa. Ukipata homa na uchovu bila upele, mwambie vilevile.

Nyoka ni mmoja tu mwenye sumu nchi hii, wanamwita adder, wa ukoo mmoja na kifutu wetu ila mdogo na mpole zaidi. Ana mstari wa pembepembe mgongoni. Mtu wa mwisho kuuawa naye Uingereza alikufa mwaka 1975. Ukiwa na buti na ukiangalia unapokalia, yameisha. Na tandika kitu kabla ya kuketi, si kwa ajili ya nyoka tu, hata sisimizi wa huku hawana haya. Nyoka akikuuma, usifunge kamba, usichanje, usinyonye, na jiwe la nyoka la babu liache kabatini. Tulia, usitembeze kiungo kilichoumwa, pigeni 999.

Kuhusu magenge, yaani kuta za mwamba kando ya bahari, nitakuwa mkali kidogo. Old Harry ni nguzo za chaki zilizosimama baharini, nyeupe kama jino, na juu yake kuna nyasi fupi hadi ukingoni. Hakuna uzio. Kila mtu anasogea apige picha, na ukingo ule kwa chini umeliwa, kwa hiyo unaposimama huenda umesimama juu ya hewa. Miguu ikiwa na mchanga, upepo ukibadilika, hakuna wa kukudaka. Mimi huwaweka watu wangu mbali na ukingo kiasi kwamba mtu akianguka chali au kifudifudi bado yuko kwenye nyasi.

Chini ya magenge napo si pa kuanika jua. Watu wasiovaa nguo hupenda sehemu zilizojificha, na kwenye pwani hii sehemu iliyojificha mara nyingi ni mguuni mwa ukuta unaoporomoka. Mwezi wa 4 mwaka 2021 pale Seatown zilianguka tani zipatazo 4,000 kwa mkupuo. Mwaka 2012, Burton Bradstock, maporomoko ya genge yaliua msichana aliyekuwa matembezini. Baada ya mvua nyingi ni mbaya zaidi, lakini hata siku kavu huanguka. Ukiona vifusi vipya, rangi yake mbichi bado, geuka.

Maji wewe unayajua, umekulia karibu nayo. Unajua bamvua, yale maji makubwa, na maji mafu, yale madogo. Ila usichukue saa za nyumbani. Studland maji hupanda na kushuka kidogo kuliko Tanga, na mlango wa Poole una vituko vyake, maji hujaa, hupungua kidogo, kisha hujaa tena kabla ya kupwa. Ukihamia upande wa Lyme Regis na Charmouth, ufuo unafungwa kabisa maji yakijaa, nyuma yako genge la udongo. Na kule mwanzo wa njia, Minehead, uko kwenye mkono wa bahari uitwao Bristol Channel, ambako ndani zaidi bamvua huzidi mita 12. Angalia jedwali la maji asubuhi hiyo hiyo, halafu anza matembezi ya ufuoni maji yakiwa yanatoka, si yakiwa yanaingia. Baba yangu alikuwa akisema anayeuliza saa baharini amechelewa. Nilikuwa namwona mkali.

Mkitaka kuogelea, na watataka, ingia taratibu. Hata mwezi wa sita maji hayo ni baridi kiasi cha kukukata pumzi, na hiyo pumzi ya kwanza ya ghafla ndiyo inayozamisha watu wanaojua kuogelea. Ikikukuta, laza kichwa nyuma masikio yakiwa ndani ya maji, tandaza mikono, elea mpaka pumzi irudi, ndipo upige mbizi zako za nyumbani. Mchangani vaa viatu vya majini, kuna samaki mdogo anayejifukia na kuacha mwiba wenye sumu juu. Maumivu yake yatakukumbusha yule samaki taa wa kwetu. Dawa ni maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, loweka mguu nusu saa au zaidi.

Simu isiachwe kwenye begi mchangani. Vaa kibeti cha kiunoni kisichoingia maji. Utaonekana kituko, na wote mtakuwa vituko. Jambo likiharibika, piga 999 uombe walinzi wa pwani, si ambulensi. Mtandao ni hafifu chini ya magenge, kwa hiyo siku moja kabla tuma neno "register" kwenda 999 na ufuate maelekezo, hapo utaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi hata pale sauti isipopita.

Njia ikiwapeleka magharibi zaidi, kuelekea Lulworth, jueni kwamba kipande kile ni uwanja wa jeshi wa kulenga shabaha. Bendera nyekundu ikipanda, hakuna kupita. Wikendi nyingi ni wazi, na hapo hutoki nje ya nguzo za njano hata kwenda haja. Chuma chochote kilicholala kwenye nyasi hakiguswi.

Sasa mambo mawili ambayo hukuuliza. Wewe utakuwa mweusi pekee kwenye kundi lile, bila shaka yoyote. Sitakudanganya kwamba halina uzito. Mimi nimewahi kusimamishwa na kuulizwa ninafanya nini kwenye shamba la watu nikiwa na nguo zote, kitambulisho shingoni na kamba ya kuokolea mkononi. Mzee mweupe akiwa uchi, wapita njia wanamwona mzee wa vituko. Wewe mtu anaweza kukuona vingine, akawahi simu. Si haki, na hesabu yako lazima iiweke ndani. Tembea katikati ya kundi, si mbele wala nyuma. Usiende peke yako kule kwenye matuta hata kama umebanwa. Matuta yale yana wageni wa shughuli nyingine, doria hupita, na hutaki kukutwa huko ukijieleza.

La pili ni kamera. Mwambie mwenyeji wako tangu mwanzo kwamba hutaki picha, na usipige hata ya mandhari wakiwa ndani yake. Si kwa wao tu. Picha ya Studland inaweza kufika Muheza kabla wewe hujafika Bournemouth, na huko hakuna atakayesoma bango.

Ushauri wangu basi: nenda, ukiwa na kaptula. Tembea nao Jumamosi ya kwanza ulivyo, uone wanavyofanya wakikutana na watu, nguo zao wanaweka wapi, nani anaangalia saa ya maji. Ndani ya zile mita 900, ukijisikia, vua; usipojisikia, hakuna aliyepungukiwa. Imani yako na ndoa yako ni juu yako na mkeo, na kwa kuwa amecheka badala ya kununa, naona mko salama.

Basi namba 50 kutoka Bournemouth linavuka na kivuko hadi South Haven Point na kuendelea Swanage. Shuka mara tu baada ya kivuko. Mkirudi mkiwa mmechoka, mchanga kila mahali, kabla ya kupanda jipanguse vizuri na uvae shati. Dereva hajasoma bango.